Gharama Haikosi Baba

Mimi si mtu wa kushangazwa. Kwenye kazi hii ya ujenzi nimeona lori la saruji likipotea na kurudi wiki ile ile limejaa maharage. Nimeona mhandisi amekaa chini analia mbele ya zege lake mwenyewe. Nimeona mheshimiwa akifungua bomba siku ya uzinduzi, kamera zote zimemwelekea, akatoka chura. Kwa hiyo nilipopigiwa simu kwamba Kumi na Nane amefariki, sikushtuka wala sikukaa. Nilikuwa Bomang'ombe nakagua msingi wa ghala ninalojenga, nikamaliza kukagua, nikawafukuza mafundi wawili waliochanganya mchanga wenye udongo, ndipo nikamwambia dereva wangu kwamba tuna msiba Kwa Sadala. Marehemu jina lake halisi ni Anaeli, lakini hilo walilitumia mchungaji na mama yake tu. Sisi wengine wote tulimwita Kumi na Nane. Alikuwa fundi viatu, mguu wake wa kulia haukukunja goti, na kibanda chake kilikuwa kando ya barabara ya kupanda mlimani. Kila nilipopita nilishusha kioo nikamrushia neno lile lile: "Kumi na Nane, bado unalinda?" Naye, bila kuinua macho kwenye kiatu, alijibu: "Bado ipo pale pale, bosi." Watu wa pale walicheka, nami nilicheka, nikapandisha kioo. Ujanani alikuwa mshambuliaji, na mpira ukimkuta ndani ya kumi na nane, pale mbele ya goli, kipa alikuwa anajua kwamba kazi yake imekwisha. Jina lilitoka huko. Mtu yeyote wa mpira angejua hivyo.

Mwaka nitakaousimulia hapa ndio ulionifanya mimi kuwa mimi. Habari za wazazi wangu naziruka, kwa sababu hazikunilipia kitu. Niliishia darasa la saba, na leo vijana wenye digrii wanapiga hodi ofisini kwangu Moshi mjini, wananiita mzee, wananiletea makisio yao ya kwenye kompyuta, rangi tatu, nami nayapitia kwa kidole. Wananiuliza nilisomea wapi. Nawaambia nilisomea nyuma ya bucha. Wanadhani natania.

Bucha lenyewe lilikuwa Kwa Sadala, jirani na soko. Nyuma yake kulikuwa na vyumba viwili vya mbao vilivyopangishwa na mkandarasi mmoja aliyeitwa Mzee Kweka, ambaye vibarua walimwita Meku, yaani babu, ingawa hakupenda. Chumba cha kwanza kilikuwa chake: kitanda, taa ya chemli, na meza iliyotengenezwa kwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya mifuko ya saruji. Tundu la kitasa lilikuwa bado lipo pale pale mezani, na Meku aliweka humo penseli yake, imesimama wima. Hakuna mtu aliyeruhusiwa kuigusa penseli ile. Chumba cha pili kilikuwa stoo, na ndimo tulimolala mimi na Anaeli, juu ya karatasi za mifuko mitupu, tukiamka nyusi nyeupe kama wazee. Dirisha letu lilitazama kulabu za nyama. Asubuhi mtu wa bucha akipasua mifupa, ukuta mzima ulitikisika, na Anaeli alikuwa anasema huyo ndiye jogoo wetu.

Kazi ilikuwa kujenga kiwanda kidogo cha kuosha kahawa huko juu, kwa chama cha wakulima: matenki ya kuvundikia kahawa, mifereji ya kuoshea, meza za kuanikia, na mtaro mrefu wa kulaza bomba kutoka mtoni. Mimi nilianza kama kibarua wa kubeba kokoto. Anaeli alikuwa mchimbaji. Alikuwa ni rafiki yangu, na hilo nalisema bila kuona haya: tulikula sahani moja. Mama aliyetupikia alileta kiburu mchana, ndizi na maharage vimeshikana hadi kijiko kinasimama, na Jumapili mtori. Anaeli alikuwa na tabia ya kunisogezea mimi nyama, anasema mchezaji hatakiwi kuwa mzito. Alikuwa ameambiwa na timu moja ya ligi ya Arusha aende akajaribiwe mvua zikiisha. Viatu alikuwa hana. Alikuwa anachimba ili apate viatu, nauli, na hela ya kula huko wiki mbili, basi. Hakutaka kitu kingine duniani. Akilala alikuwa anapiga teke ukuta.

Penseli niliipata kwa sababu ya mbuzi. Siku ya kuanza msingi chama kilichinja mbuzi, na kwetu mbuzi haliwi ovyo: kidari kina mwenyewe, mgongo una mwenyewe, shingo ina mwenyewe, hata utumbo una wenyewe, na ukikosea kugawa unaweza kuachana na mjomba wako milele. Meku alinikuta nimekaa nawatazama wazee wanavyogawa, nikahesabu kimoyomoyo nani atapata nini kabla hawajataja. Akaniuliza nilichokuwa nafanya na mdomo wangu. Nikamwambia. Akanijaribu kwa mguu wa nyuma, nikajibu. Kwa ini, nikajibu. Ndipo akaniambia maneno ambayo nimeyaishi mpaka leo. "Umeshaona nyama ya mbuzi inazunguka uani inauliza nani atanila? Basi na gharama ni hivyo hivyo. Gharama haikosi baba. Ukiiona imezagaa, itafutie baba yake, la sivyo itakuita wewe baba." Kesho yake nilikuwa nimekaa kwenye ndoo mbele ya ule mlango wake, najifunza makisio.

Watu wanadhani makisio ni kubahatisha. Si kubahatisha. Unaichukua kazi kubwa unaipasua kama yule wa bucha anavyopasua mfupa: kusafisha eneo ni kazi moja, kuchimba ni nyingine, kulaza bomba, kufukia, kusuka nondo, kumwaga zege, kila moja kivyake. Halafu kila kazi unaiuliza: unakula nini? Inataka watu wangapi, kwa siku ngapi, vifaa gani, safari ngapi za lori. Hapo ndipo wasomi wanapofika na kusimama. Meku alikuwa anaendelea. Alikuwa hamuulizi mchimbaji anachimba haraka kiasi gani, maana kila mchimbaji ni simba; alimuuliza anapumzika saa ngapi. Alijua mchimbaji wa Jumatatu ana mbege ya Jumapili kichwani, kwa hiyo Jumatatu aliihesabu nusu. Alijua udongo wetu wa mlimani juu ni mweusi na laini kama ugali wa ulezi, lakini ukishuka kiunoni unakutana na mawe ya enzi mlima ulipokuwa unatema moto, na mtu aliyechimba hatua nne jana leo anachimba moja huku anatukana. Na zile gharama za wote, mlinzi, stoo, mafuta ya lori, mama wa chakula, alikuwa hazirundiki mwisho wa karatasi kama takataka. Alizigawa kwa kazi iliyozisababisha. Lori likipanda na mabomba, mafuta yanalipwa na mtaro. Likipanda na saruji, yanalipwa na matenki. Mimi nikamwambia, likishuka tupu je? Nikaenda kwa akina mama wa ndizi, nikawauzia nafasi ya kushuka, lori likaanza kujilipia nusu ya mafuta. Nilikuwa kijana mdogo, sijaota ndevu vizuri. Meku alinitazama kama mtu aliyeokota noti akaogopa ni ya bandia. Akaniambia jambo la pili, kwamba na upande wa pili ni huo huo: shilingi isiyo na kazi isiingie kwenye makisio. Kama hujui inakwenda kufanya nini, irudishe ilikotoka.

Yale maneno niliyafundisha hata kule stoo. Tukilala namweleza Anaeli, gharama haikosi baba, shilingi lazima iwe na kazi, naye anacheka anasema siku akioa atamkisia mke. Alinisikiliza sana kuliko nilivyodhani.

Ukuta kati ya stoo na chumba cha Meku ulikuwa wa mbao zisizokutana, ukitaka usitake unasikia. Mchana mmoja wa Jumapili, tunakula mtori, tukamsikia mwenyekiti wa chama akimwambia Meku kwamba bei aliyoandika ni kubwa, wanachama wananung'unika, na kuna mkandarasi wa Rombo, kule Mkuu, yuko tayari kumalizia kwa pungufu. Meku alibisha, akataja saruji, akataja mawe. Mwenyekiti alikuwa na sauti ya upole, ile ya mzee wa kanisa anayehesabu sadaka, akasema basi tutaachana kwa amani. Tulisikia kijiko cha Meku kinakwaruza bakuli. Kisha akasema atapunguza. Mwenyekiti alipoondoka, Meku alijisemea peke yake, kwa Kimachame, kwamba ameshakufa. Baadaye akaniita akanieleza waziwazi: kwa bei mpya kazi hii itamla, atafunga stoo, sote tutarudi migombani kukata majani ya ng'ombe, isipokuwa patatokea mtu wa kumwonyesha wapi pa kukata. Aliitoa penseli kwenye tundu la kitasa akaniwekea mbele. Anaeli, kwa kuwa alisikia yote, aliniuliza nitakata wapi. Nikamwambia sijui. Lakini nilishajua.

Nilikata mbao. Kwenye makisio mbao zilikuwa zimeandikwa mara mbili: za kuzuia kingo za mtaro zisibomoke, na za kumwagia zege la matenki. Nilifikiri hivi. Kiangazi mtaro unasimama wenyewe. Udongo ule ukikauka unakatika wima kama jibini, unaweza kupiga msumari ukatundika koti. Mbao zinamkinga nani? Zinamkinga mtu dhidi ya kitu ambacho hakijatokea. Zege kwa upande wake halisubiri. Bila mbao hakuna tenki. Kwa hiyo zile za mtaro nikazihamishia kwenye matenki, tusinunue mbao mpya hata moja. Meku aliusoma mstari ule muda mrefu. Akauliza: "Na mvua?" Nikamjibu mtaro utakuwa umefukiwa kabla ya mvua. Akasema, "Wewe ndiye uliyesema." Hivyo ndivyo mtu mkubwa anavyokubali kitu. Nimewaambia vijana wangu wasisubiri kusikia ndiyo. Wakisikia wewe ndiye uliyesema, watie saini.

Mbao zilipopakiwa, Anaeli alikuwa shimoni. Aliniita kwa jina langu kutoka chini, kichwa chake kiko usawa wa viatu vyangu.

"Sante, mbao zetu zinaenda wapi?"

"Zimepandishwa cheo."

Wachimbaji wote walicheka, na yeye alicheka. Kisha akauliza kama na wao watapandishwa. Nikamwambia wao wanalipwa kwa hatua, wakitaka kupanda wachimbe. Nasimulia kama ilivyokuwa. Wako watu wangependa niseme kwamba moyo uliniuma siku ile. Haukuniuma. Nilikuwa nimevaa shati safi kwa mara ya kwanza kwenye saiti, na nilikuwa naangalia nisilichafue.

Mvua za mwaka ule ziliwahi. Hazikuanza kwa fujo. Zilianza kama umande mzito, siku mbili tatu, mlima umejifunika, kila kitu kinatoa harufu ya majani ya migomba. Zingenyesha kwa fujo watu wangetoka shimoni. Mchana wa siku ya malipo, saa ya kula, wote walikuwa wamekaa chini ya turubai wanakula kiburu isipokuwa Anaeli. Alikuwa amebakiza hatua moja. Hatua moja ingemtimizia hela ya viatu. Mwenyewe alisema asubuhi, akiwa anafunga kamba ya suruali, kwamba leo ndiyo leo. Nilikuwa nimekaa na Meku kwenye tenki la juu. Sikusikia kishindo. Nilisikia kama mtu ametua gunia la mahindi polepole, kisha mama wa chakula akaangusha mwiko. Walipomfukua, ukingo wote wa upande wa juu ulikuwa umemlalia kuanzia kiunoni, na goti limeangalia nyuma. Alikuwa na fahamu zake. Alikuwa anauliza koleo liko wapi, maana aliliazima stoo kwa jina lake. Koleo halijaonekana mpaka leo, liko chini ya bomba lile, na maji ya kuoshea kahawa yanapita juu yake.

Ilikodiwa pikapu ya mtu wa soko ikampeleka hospitali Moshi. Malipo hayakuahirishwa, vibarua hawajui kuahirisha. Kwa hiyo mchana ule ule, wamepanga mstari nje ya bucha, mimi na Meku tulikaa kwenye ule mlango na kazi moja ya ziada. Pikapu elfu sita. Hospitali walitaka elfu tisa na mia tano kabla ya kumfunga plasta. Koleo elfu mbili na mia tano. Meku alizipanga hela mezani kandokando, akaniuliza, mbele ya watu, kwa sauti ile ya siku ya mbuzi: "Hii baba yake nani?"

Mjue kwamba lilikuwa swali gumu. Mtaro ulikuwa na bei yake iliyokatwa hadi mfupani; ukiongeza elfu kumi na nane, mtaro unakula hasara. Ukizitupa kwenye gharama za wote, kila mtu pale kwenye mstari anakatwa kidogo kwa ajili ya mguu usio wake, na watanung'unika, na kesho hawaji. Chama hakilipi, mwenyekiti ameshatuonyesha meno. Meku halipi, Meku ameshakufa. Na kulikuwa na mtu mwingine mmoja aliyeweza kuwa baba, ambaye Meku alikuwa anamtazama machoni, akingoja. Nilijibu bila kutetemeka. Nilisema saa ya chakula si saa ya kazi. Aliyeshuka shimoni saa ya chakula alishuka kwa faida yake, kwa hatua yake, kwa viatu vyake. Baba ni yeye. Mchimbaji mmoja mzee alitema mate chini, mbali na mimi lakini si mbali sana. Meku akasema, "Andika." Nikaandika, hela ya Anaeli ikakatwa yote, ikabaki deni dogo ambalo Meku alilisamehe kwa ukarimu wake. Kisha aliirudisha penseli kwenye tundu lake, akaizungusha ili upande niliouchonga mimi uwe kwangu. Nilikuwa mkadiriaji wake tangu saa ile.

Nilikwenda kumwona hospitali mara moja. Wodi ilikuwa na harufu ya mtori wa wagonjwa na dawa ya sakafu, na mguu wake ulikuwa umening'inizwa kama nyama kwenye dirisha letu. Hakunitukana. Aliuliza imekwendaje, nikamweleza hesabu, kitu kwa kitu, kwa kuwa yeye alikuwa mtu wa kuelewa. Alisikiliza. Akasema, "Kumi na nane." Nikasema ndiyo. Akasema tena, taratibu, kama mtu anayekariri namba ya nyumba, "Kumi na nane." Kisha akageukia ukuta, na teke hakupiga.

Kiwanda kilikwisha kwa faida. Meku aliniachia kampuni alipozeeka, nikaibadilisha jina, nikaikuza kwa mikono hii hii, na kila mkataba nilioushinda nimeushinda kwa maneno yale mawili ya nyuma ya bucha. Anaeli hakwenda Arusha. Alijifunza kushona viatu, na wako waliosema Mungu ana mzaha. Aliporudi kijijini tayari walikuwa wanamwita Kumi na Nane, nami nikafurahi kwamba wameukumbuka mpira wake.

Sasa msibani. Mke wangu ni mtu wa Machame juu, ana mambo ya zamani, asubuhi ya kwenda huko alinisimamisha mlangoni akaniambia nichume jani la isale nipeleke. Asiyejua, isale ni ule mmea wa mipakani wenye majani marefu; kwetu ukimkosea mtu, hata kama ulimuulia ng'ombe, ukimpelekea jani hilo hana budi akusamehe, na hakuna atakayelizungumza tena. Nilimuuliza nimemkosea nani. Akasema, "Chukua tu, Baba Witi, halina uzito." Nikamwambia nina kitu chenye uzito. Nilikuwa na milioni tano kwenye mfuko wa kaki, mabunda matano. Kwenye kundi la rambirambi la simu watu walikuwa wanaahidi elfu ishirini, elfu hamsini, mwenyekiti wa chama wa sasa laki moja. Nilitaka Kwa Sadala yote ijue ni nani aliyekula naye sahani moja.

Nilikwenda mezani pa kamati, chini ya turubai, wazee wamekaa. Niliwaamkia shikamoo wanaostahili, nikaweka bunda moja moja ili kila moja litoe sauti yake. Katibu, mwalimu mstaafu, alivua miwani. Niliona watu wanavyoanza kunong'ona na nilijisikia vizuri, sitadanganya. Katibu hakuandika. Alisema mjane ameagiza nikifika niingie ndani, na niingie na nilichokuja nacho. Akabeba mfuko akatangulia.

Sebuleni wanawake walikuwa wamekaa chini kwenye magodoro. Mjane, Mama Upendo, alikuwa ameegemea ukuta, kanga mbili, macho makavu. Karibu na mlango zilikuwa zimepangwa jozi za viatu alizoacha hazijakwisha, kila kimoja kina karatasi ya jina la mwenyewe. Alinikaribisha vizuri, akaniita shemeji. Akaangalia mikono yangu.

"Umekuja na isale?"

"Nimekuja na rambirambi, shemeji."

"Nimeuliza isale."

Nikauliza isale ya nini. Yeye akamwambia katibu amfungulie bunda moja. Akachomoa noti mbili za elfu kumi kumi, akazikunja, akazitia kifuani. Kisha akafungua fundo la kanga, akatafuta, akatoa noti ya elfu mbili iliyochakaa, akaninyooshea kwa mikono miwili kama unavyompa mkubwa kitu.

"Chenji yako."

Nikamwambia sijaelewa. Akanielewesha kwa sauti ya mtu anayemtuma mtoto dukani. Gari elfu sita. Hospitali elfu tisa na mia tano. Koleo elfu mbili na mia tano. Watoto wake wote waliijua hesabu ile kabla ya kujua kuandika. Wakimkuta baba yao anapaka goti mafuta walikuwa wanamwimbisha. Alisema marehemu aliacha maneno mawili juu yangu. Nikija na isale, wasipokee hata senti, wanisamehe, ndiyo mila. Nikija na hela, wachukue iliyo yake.

"Lakini kumi na nane ni ya mpira," nikasema.

Bibi mmoja aliyekuwa kwenye kona, ambaye nilidhani amelala, alikohoa kicheko. "Mpira," alisema. "Kwa mguu upi?"

Nilisimama pale na noti ya elfu mbili mkononi. Miaka yote ile, kioo kimeshushwa, bado ipo pale pale, bosi, na watu wanacheka. Walikuwa wanajua. Mtu wa ndizi alijua, mtu wa bucha alijua, mtoto aliyekuja kuchukua kiatu cha mama yake alijua. Alikuwa ananidai hadharani, kila wiki, na mimi napiga honi.

Nilimwambia Mama Upendo basi zingine ziwasaidie, kuna shule ya Upendo, kuna jeneza. Alinitazama mara ya kwanza kwa huruma kidogo, na huruma ile ndiyo mbaya kuliko vyote.

"Jeneza limeshalipiwa. Hizo zingine hazina kazi hapa, shemeji. Na wewe ndiye uliyemfundisha, shilingi isiyo na kazi isiingie. Alikuwa anasema kila gharama ina baba, na ya kwake itamjua wa kwake siku moja. Imemjua. Karibu chai."

Sikunywa chai. Katibu alinirudishia mfuko pale pale mbele ya turubai, na akatangaza kwa kipaza sauti, kama alivyotangaza michango ya wengine wote, jina langu kamili na kiasi kilichopokelewa. Hakuna aliyecheka. Wangecheka ningejua pa kushika. Kwenye gari nilianza kukisia, maana mkono hauachi kazi yake. Dizeli ya kwenda na kurudi sikuihesabu, niliiandikia ghala la Bomang'ombe, nilikuwa napita huko hata hivyo. Suti ninayo. Muda wangu ni wangu. Mbao zile zilioza zamani. Nikapekua kila kazi, nikaiuliza umekula nini, na karatasi yote ilipokwisha palikuwa na mstari mmoja tu wenye jina langu. Rafiki, mguu, penseli, kampuni, mwaka mzima: shilingi elfu kumi na nane.